Je, Wajua? Tumboni Mwako Kuna Jeshi la Trilioni 38

Sogea kidogo tukae, mwenzangu, na hicho kikombe chako cha mtindi usikiweke chini. Leo habari ni za wale bakteria wema ambao wataalamu huwaita probiotiki: wanaokinga maradhi, wanaosaidia kuyatibu, na wengine wanaosifiwa kuliko kazi yao. Twende!

WENYEJI WA MWILI WAKO

Je, wajua kuwa mwilini mwako kuna bakteria kama trilioni 38? Seli zako mwenyewe ni kama trilioni 30. Kwa hesabu ya vichwa, wewe ndiye mpangaji!

Na jeshi hilo lote, unadhani lina uzito gani? Gramu 200 tu! Mpelekee muuza nyama akupimie, robo kilo haifiki.

Ulifundishwa kwamba bakteria wanazizidi seli zetu mara kumi? Hesabu hiyo ilitamba vitabuni tangu miaka ya 1970. Mwaka 2016 watafiti wakakaa chini, wakahesabu upya, kumbe tunakaribiana.

Je, wajua maana ya neno probiotiki? Ni "kwa ajili ya uhai". Na antibiotiki? "Dhidi ya uhai". Haya, hapo nani mjenzi na nani mbomoaji, jibu mwenyewe.

Si kila bakteria anaruhusiwa kuitwa hivyo. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walikutana Córdoba, Argentina, wakaweka masharti matatu: awe hai, awepo kwa wingi wa kutosha, na alete faida kwa afya. Akifia njiani, jina limempotea.

Wapo bakteria ambao, wakipata chakula na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20. Mmoja akianza saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri wamefika zaidi ya milioni 2. Na wewe ulikuwa unakoroma tu!

Je, wajua kuwa kanuni za kimataifa za chakula zinautaka mtindi uwe na bakteria hai wasiopungua milioni 10 katika kila gramu? Kikombe cha gramu 200 kina bilioni 2. Vikombe vinne, unakaribia idadi ya wanadamu wote duniani!

Huko ndani wanafanya nini? Wengine wanawazibia nafasi vijidudu wabaya, wengine wanawalia chakula chao, wengine wanatoa asidi inayowachoma. Vita vyote hivyo, na wewe unasikia tumbo linanguruma tu.

WAZEE WA MTINDI

Maelfu ya miaka watu walikunywa maziwa yaliyoganda bila kujua nani anayagandisha. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur akatangaza: ni kazi ya viumbe hai! Mpishi alikuwa jikoni siku zote, hakuna aliyemwona.

Mwaka 1905, kijana Mbulgaria aitwaye Stamen Grigorov, hata miaka 30 hajafika, aliuchungulia mtindi wa kwao kwa hadubini mjini Geneva. Akamwona bakteria mwenye umbo la kijiti. Leo bakteria huyo anaitwa bulgaricus, na huenda yumo kwenye kikombe hicho ulichoshika!

Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliamini wakulima wa Bulgaria wanaishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa ya mgando. Akaandika kitabu mwaka 1907, akawa anakunywa mgando mwenyewe. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel, lakini kwa kazi yake ya kinga ya mwili, si kwa mtindi! Alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71.

Je, wajua kuwa mtindi uliwahi kuuzwa kwenye maduka ya dawa? Mwaka 1919 Isaac Carasso alifungua kiwanda Barcelona akiwalenga watoto wenye matatizo ya tumbo, akakipa jina la mwanawe Daniel: Danone. Daniel huyo alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 103! Mtindi ndio uliomfikisha huko? Mimi simo, nimekupa tarehe tu.

Tukirudi Paris, Henry Tissier aliona kitu kwenye nepi za watoto wanaonyonya: bakteria wenye umbo la herufi Y. Kwa watoto wanaoharisha walikuwa wachache. Akapendekeza wagonjwa wapewe bakteria hao, na hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1900!

Hili utalisimulia nyumbani. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari mmoja Mjerumani alirudi mzima kutoka eneo ambako wenzake waliangushwa na ugonjwa wa kuhara. Daktari Alfred Nissle akachukua kinyesi chake, akamtoa bakteria ndani yake, akatengeneza dawa. Ukoo wa bakteria yule bado unauzwa hadi leo!

Mfaransa Henri Boulard alikuwa Indochina katika miaka ya 1920, kipindupindu kimepamba moto. Akaona wenyeji wanachemsha maganda ya matunda ya shokishoki ya Kichina na mangostini, wanakunywa maji yake kutuliza tumbo. Kwenye maganda akapata hamira ya aina yake, ikapewa jina lake: boulardii. Umeona? Si bakteria hata kidogo, ni ndugu wa hamira ya maandazi!

Mjapani Minoru Shirota alimpata bakteria wake mwaka 1930, na mwaka 1935 akaanza kumuuza kwenye kichupa kidogo cha Yakult. Leo huuzwa zaidi ya vichupa milioni 30 kila siku. Jina lenyewe limechongwa kutoka Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, neno la mtindi!

Ukiona herufi GG kwenye pakiti ya probiotiki, usifikiri ni kipimo. Ni Gorbach na Goldin, Wamarekani wawili waliompata bakteria huyo mwaka 1983 kwenye utumbo wa mtu mwenye afya njema. Wamejiandika majina kwenye mgongo wa bakteria, basi!

MAMA, MTOTO NA TEMBO

Je, wajua kuwa maziwa ya mama yana aina zaidi ya 200 za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga? Sasa zimewekwa za nani? Za bakteria wake! Mama ananyonyesha mtoto mmoja, na pembeni anawalisha mabilioni.

Mtoto wa tembo hula mavi ya mama yake. Usikunje uso! Ndivyo anavyopata bakteria wa kumsaidia kusaga majani. Anazimeza probiotiki zikiwa bado na mvuke.

Mwaka 1973 watafiti wa Finland walichukua vilivyomo kwenye utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga wachanga. Vifaranga wakawa wagumu kushambuliwa na Salmonella. Wewe mfugaji, kuku wako wanaoparua jaani pamoja na vifaranga vyao wanalijua hilo zamani!

Unamjua mtoto mchanga wa chango, yule anayelia tangu magharibi na nyumba nzima haipati usingizi? Mwaka 2007 madaktari wa Turin, Italia, waliwapa watoto wa aina hiyo matone 5 ya bakteria kwa siku. Siku ya 28 kilio kilikuwa dakika 51 kwa siku. Kwa waliopewa dawa ya kawaida ya gesi, dakika 145. Dakika 94 za usingizi, mama, si haba!

Na bakteria wa matone yale, aitwaye reuteri, alitokea wapi? Kwenye maziwa ya mama mmoja wa Peru! Mama mmoja Amerika Kusini kawabembelezea wenzake wa dunia nzima watoto wao.

Shika hili kwa mikono miwili. Katika vijiji vya Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 waliingizwa kwenye utafiti. Nusu wakapewa bakteria pamoja na chakula cha bakteria hao kwa siku 7 tu. Sumu ya damu na vifo vikapungua kwa asilimia 40! Matokeo yalitoka mwaka 2017, na dozi nzima iligharimu kama dola 1.

Mtoto akipewa antibiotiki, mara nyingi tumbo nalo linafunguka. Mapitio ya mwaka 2019 yalikusanya majaribio 33 yenye watoto zaidi ya 6,300. Wasiopewa probiotiki, 19 kati ya kila 100 waliharisha. Waliopewa, 8 tu!

Bangladesh walikwenda njia nyingine: badala ya kuleta bakteria wapya, wakawalisha wale waliomo. Watoto wenye utapiamlo walipewa chakula cha dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Matokeo ya mwaka 2021: waliongezeka uzito vizuri kuliko wenzao waliokula chakula cha kawaida cha lishe, ingawa hicho kilikuwa na nguvu nyingi zaidi. Ndizi mbichi, jamani!

HAPA HAPA KWETU

Je, wajua kuwa Mwanza iliwahi kutoa mtindi wa probiotiki ulioitwa Fiti? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, mtaa wa Mabatini, walishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Canada. Wakawasha jiko, wakachemsha maziwa, wakapandikiza bakteria, wakauza kikombe kwa kikombe. Bakteria katoka Canada, Kiswahili kajifunzia Mabatini!

Na Uganda je? Huko wagandishaji wadogo hutumia kipakiti cha unga wa bakteria cha gramu 1 tu. Gramu hiyo moja hugandisha maziwa lita 100! Na kati ya bakteria hao yumo yule yule wa GG, aliyeachwa huru baada ya hati ya umiliki wake kuisha muda.

Umewahi kuona mwanariadha wa Kenya anarudi na medali, anashuka Eldoret, anapokewa na kibuyu mdomoni? Humo mna mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet hadi mkaa ushike, ndipo hutiwa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kikafungwa siku kadhaa au hata wiki. Yakimiminwa yana rangi ya kijivu kama moshi, na ndani bakteria wa asidi wamejaa tele.

Na togwa, ile ya uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi, hukuwa unainywa kwa kiu tu? Watafiti waliipima kwa watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5, na matokeo yalitoka mwaka 1999. Walioinywa walikutwa na vijidudu wa kuharisha wachache zaidi. Bibi alijua, maabara imekuja nyuma!

Twende Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 watafiti walichunguza kinyesi cha Wahadzabe 27 na kukilinganisha na cha Waitaliano. Wahadzabe walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, lakini bifidobakteria, wale wanaouzwa kwa bei ghali Ulaya, kwa watu wazima hawakuonekana! Na wanatembea porini wakiwa wazima.

Tena bakteria wa Wahadzabe wana misimu kama mvua. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha baadhi yao hupotea msimu wa masika, wakati wa asali na matunda, kisha kiangazi kikirudi, nao haooo! Umewahi kusikia tumbo lenye kalenda?

Kwale, pwani ya Kenya, watoto waliongezewa madini ya chuma kwenye uji wa mahindi. Taabu ni kwamba chuma huwanenepesha pia bakteria wabaya. Watafiti wakaongeza sukari maalumu inayolisha bakteria wema, na mizani ya tumbo ikatulia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017.

DAWA USIYOIDHANIA

Umekaa vizuri? Kuna bakteria mkorofi aitwaye difficile, anayeteka utumbo baada ya antibiotiki kuwafyeka wenyeji wake. Amsterdam, wagonjwa 16 walipewa maji yaliyochanganywa na kinyesi cha watu wazima wa afya, kupitia mrija wa puani. 13 walipona kwa dozi moja, na baada ya dozi ya pili wakafika 15! Waliobaki na antibiotiki pekee walipona 4 kati ya 13.

Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa nini, lilishindwa? La! Lilifaulu mno hata ikaonekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Matokeo yalitoka mwaka 2013.

Unadhani ni wazimu wa siku hizi? Tabibu Mchina Ge Hong aliandika juu ya kunywesha maji ya kinyesi kwa watu wenye sumu ya chakula na kuhara kukali, katika karne ya 4. Miaka 1,600 na ushei iliyopita!

Tulia, leo hulazimiki kunywa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vya kumeza vyenye bakteria waliosafishwa kutoka kinyesi cha wachangiaji. Havina harufu, na mgonjwa anateremsha kwa maji.

Na kumzuia difficile asiingie kabisa? Mapitio ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 31 yenye watu zaidi ya 8,600 waliokuwa wakitumia antibiotiki. Waliopewa probiotiki, hatari ya kuharishwa naye ilipungua kwa asilimia 60!

Kina dada, hili lenu. Uke wenye afya nao unalindwa na bakteria wa asidi, waliogunduliwa na Mjerumani Albert Döderlein mwaka 1892. Mwaka 2020 wanawake 228 waliotibiwa maambukizi ya bakteria ukeni walishiriki jaribio la kuwarudisha walinzi hao. Kwa wasiowekewa, tatizo lilirudi kwa asilimia 45. Kwa waliowekewa, asilimia 30.

LAKINI USIKIMBILIE DUKANI BADO

Je, wajua kuwa bakteria yuleyule anaweza kufaulu hapa na kugonga mwamba pale? Mwaka 2018 watoto 971 wa Marekani wenye kuhara na kutapika walijaribiwa kwa yule wa GG. Tofauti na waliopewa unga mtupu? Hakuna!

Mwaka huohuo, watafiti wa Israeli waliona jambo la kushangaza zaidi. Watu waliomeza probiotiki baada ya antibiotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi. Wageni walikalia viti, wenyeji wakabaki mlangoni!

Hili si la mzaha. Uholanzi, wagonjwa mahututi wa kongosho walipewa probiotiki, matokeo yakatoka mwaka 2008: walikufa 24 kati ya 152, na kwa waliopewa dawa bandia walikufa 9 kati ya 144. Mgonjwa mahututi usimpe kwa kudhania. Muulize daktari wake.

Ulaya wenyewe wamekaza kamba. Mamlaka yao ya chakula imekataa mamia ya madai ya watengenezaji wa probiotiki. Dai lililopita kwa mtindi ni moja: bakteria wake hai, wakifika milioni 100 kwa gramu, humsaidia mtu anayevurugwa na sukari ya maziwa kuisaga. Basi, hilo tu!

Je, wajua kuwa mwaka 2020 ukoo mkubwa wa Lactobacillus ulivunjwa na kugawanywa koo 25? Majina mengi ya kwenye chupa yakabadilika siku moja. Ukiona jina jipya usiseme umeuziwa feki. Ni mtu yuleyule, kabadilisha kitambulisho.

Na mwisho, mtindi ukiuchemsha, bakteria wengi wanakufa. Utabaki na chakula kitamu chenye protini na kalsiamu, lakini jeshi umelizika. Wa kula hai, ule baridi au wa vuguvugu.

Basi, mwenzangu, shika mambo mawili. Mtoto akiharisha, ORS na zinki kwanza, kisha kituo cha afya haraka. Mtindi si mbadala wake. Antibiotiki nayo usiimeze bila kuandikiwa, maana kila kidonge cha bure kinawafyeka wenyeji wako. Haya, malizia kikombe chako, wapo bilioni 2 humo na wote wako hai.